Mwaka Masikio Yangu Yalipokataa Kulingana

Lomayani amekufa, na nimerudi kutoka kumzika. Nilipoingia kwake, huko juu ya Ngaramtoni, nilimkuta mdogo wangu Naanyu amekalishwa juu ya ngozi katikati ya nyumba, na wanawake wawili wanamvua surutia, yaani zile pete za shaba zilizozungushwa bapa kama konokono, ambazo kwetu sisi Waarusha mke huning'iniza masikioni tangu siku anapoolewa, na hazitoki mpaka mume afe. Watu wote walikuwa wakimtazama mjane usoni. Mimi nilitazama masikio. Wakati wa kurudi mtoto wake mmoja alinisindikiza, akaniuliza njiani, "Mama mkubwa, mbona hukulia?" Nikamwambia nililia, ila ilikuwa wakati wa Mjerumani. Akadhani nimechoka, akanishika mkono kunivusha kijito. Hajui kwamba baba yake alitakiwa anioe mimi, na pete zile zilitakiwa zining'inie kwangu, na kilichozuia hakikuwa ugomvi wala kukosekana kwa ng'ombe, kilikuwa sikio moja tu, hili la kulia.

Sikusoma mimi. Herufi nilijifunza misheni nikiwa mtu mzima, kwa kitabu cha nyimbo za kanisani, na Kiswahili chenyewe nilikiokota hukohuko, maana nyumbani tulisema Kimaa tu. Kwa hiyo msomaji akiona naruka huku na huku anivumilie, atanikuta mbele. Habari za ukoo, nani alimzaa nani, siziandiki. Wako watu wanaozijua na wanapenda kuzisema. Mimi nataka mwaka mmoja. Namba yake siijui, na wakati ule miaka yetu haikuwa na namba, ilikuwa na mambo yaliyotokea. Boma la Wajerumani pale mjini lilikuwa limekwisha kusimama, chokaa yake bado nyeupe, na vijana wetu waliobebeshwa mawe yake walikuwa bado na alama mabegani. Makaburu walikuwa wameanza kupita na magari yao makubwa ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka ule ndio ninaousema.

Sasa masikio. Vijana wa leo wakiona ndewe ya bibi, ile nyama ya chini ya sikio, inaning'inia mpaka begani, wanacheka. Wakati ule aliyechekwa ni mwenye sikio dogo, kwa sababu sikio dogo ni la mtoto, na mtu mzima mwenye sikio la mtoto alionekana kama nyumba iliyoachwa bila kuezekwa. Wanaume walivaa vijikopo vya ugoro ndani ya tundu. Alikuwako mzee mmoja sokoni Ngaramtoni aliyeokota kopo la maziwa la Kizungu, akalichomeka sikioni, nasi watoto tukamfuata mchana kutwa kuona kama litadondoka. Halikudondoka. Mtu akimwambia uongo alikuwa akiligonga kwa ukucha, likalia, hilo ndilo likawa jibu lake. Basi ulikuwa unatogwa ndewe ungali mdogo, kidonda kikipona unatiwa kijiti, halafu kijiti kinene, halafu kizibo cha mzeituni wa porini kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, halafu kingine kilichomzidi mwenzake kidogo, na kila mara unapakwa mafuta ya kondoo ili nyama ivutike bila kuchanika. Ni kazi ya miaka. Mimi miaka hiyo sikuwa nayo. Nilipofika umri wa kutogwa ng'ombe walikuwa wamekufa kwa maradhi, kondoo wameliwa, na watu wanakula mizizi. Mwenye njaa hatogwi. Nyama yake ni kavu. Mambo yalipotulia mdogo wangu Naanyu ndiye aliyekuwa na umri unaofaa, na mimi nilikuwa nimeupita. Tulitogwa pamoja, siku moja, kwa chuma kimoja. Yeye nyama yake laini ya kitoto ikapokea. Yangu ikawa inabishana.

Aliyetutengeneza ni koko, bibi yetu mzaa baba, na tulilala kwake. Nataka niieleze nyumba ile, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa majani makavu ya mgomba, na nusu yake walilala ndama. Moshi haukuwa na pa kutokea, ulizunguka tu juu yetu, na vizibo vya koko vilikuwa vimechomekwa kwenye fito za ukuta, vinakauka katika moshi, vidogo chini, vikubwa juu. Katikati palikuwa na mafiga matatu, upande wa pili kitanda cha fito na ngozi ya ng'ombe. Naanyu alilala ukutani kwa kuwa ni mdogo. Mimi nililala ukingoni, uso wangu kwenye moto, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuuangalia usizimike. Sasa mtu mwenye kulala hapo akitazama moto, analalia ubavu wa kulia. Nililalia ubavu wa kulia mwaka mzima. Sikio la kushoto lilikuwa juu, linapumua, linapanuka vizuri. La kulia lilikuwa chini ya kichwa, kizibo kinabanwa, kinachomoka, asubuhi nakiokota kwenye majivu na tundu limeshajikunyata. Hakuna aliyeliona hilo. Koko alidhani sikio lenyewe ni kaidi. Alikuwa akilisemesha wakati wa kulipaka mafuta, analiambia, wewe una kiburi cha nani, wewe.

Tulikuwa tukila loshoro, mahindi na ndizi zilizopikwa zikachanganywa na maziwa ya mgando, ule uchachu mpaka leo ukinipita puani naona mikono ya koko. Na tulikuwa tukila loshoro siku wanawake wa upande wa Lomayani walipokuja kukagua. Alikuwa amekwisha kuniposa kupitia kwa baba yake, na ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshaletwa. Aliyewaongoza wanawake ni shangazi yake, Nasinyari, mama mnene mwenye sauti ya kupigia mbuzi kelele ng'ambo ya bonde. Yeyo, yaani mama yangu, aliwakaribisha kwa maziwa. Nasinyari hakungoja hata kibuyu kimfikie. Alinishika sikio la kushoto, akapenyeza vidole, akawageukia wenzake.

"Hili limeshaolewa," akasema. Akahamia la kulia, kidole kimoja kikaingia, cha pili kikakwama. "Hili bado linanyonya."

Wakacheka, na yeyo akacheka nao, alikuwa ameshika kibuyu cha wageni, hakuwa na namna. Mimi pia nilicheka. Halafu Nasinyari akakaa chini, akaanza kula, na katikati ya kula akasema kwamba kaka yake, baba wa Lomayani, anakohoa tangu kiangazi, anakohoa mpaka anashika nguzo, na amesema angependa kuona mke wa mwanawe anaingia kwake kabla ya masika. Yeyo akasema masika si mbali. Nasinyari akasema ndiyo, na kikohozi nacho si mbali. Akaongeza kwamba surutia ni nzito, zinataka matundu mawili yaliyo sawa, maana mke akiingia uani kwao na pete moja juu na moja chini, watu watauliza kama aliolewa au alikodiwa. Hayo aliyasema kwa mzaha, lakini wakati wa kuondoka alinishika tena sikio la kulia, akalivuta kidogo, kama mtu anayejaribu kamba.

Lomayani mwenyewe nilisema naye mara moja tu mwaka ule. Watu wanadhani nazungumzia mapenzi makubwa. Hapana. Nilikuwa nateka maji kwenye mfereji unaotoka mlimani, na wanaume walikuwa wanauzibua juu, wametapakaa tope. Yeye akashuka na jembe begani, akasimama mbali kama ilivyopasa, akatazama maji, hakunitazama mimi, akasema, "Nasikia moja linanisubiri na lingine linanikimbia." Nilicheka mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Alikwenda zake, na mimi nikarudi nyumbani na kibuyu nusu, yeyo akanigombeza. Hayo ndiyo yote. Ninayo mpaka leo na sijui pa kuyaweka.

Baada ya ukaguzi ule nyumba nzima ilihamia kwenye sikio langu. Baba, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kuuliza mambo ya wanawake, alikuwa akiinama mlangoni mwa koko asubuhi na kuuliza limeamkaje. Wasichana wenzangu mtoni waliniita Sikio la Panya, na Naanyu alimrushia mmoja wao tope mdomoni kwa ajili hiyo. Koko ndiye aliyesema vizibo havitoshi tena, linataka uzito. Kwetu uzito ulikuwa jambo la kawaida, vijiwe vidogo vilivyofungwa kwa ngozi. Lakini koko alikuwa na kitu kingine. Gari la Kaburu lilivunjika kwenye njia ya Themi, wakalitengeneza wakaenda, na watoto wakaokota nati moja ya chuma, kubwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Koko aliipenda nati ile. Aliipima mkononi, akasema chuma hiki kimebeba gari, sikio la binti mmoja kitalishindwaje. Yeyo alisema ni nzito. Koko akamwambia, basi wewe yazuie masika yasinyeshe. Akaitundika nati kwa kiukanda cha ngozi, akakipitisha kwenye ndewe, na kichwa changu kikainama upande. Nilitembea hivyo, nimeinama kama kuku anayesikiliza, na kusema kweli lilikuwa linavutika. Kila siku koko alipenyeza kidole chake kigumu, na kila siku alisema, linakuja, linakuja. Hizo zilikuwa siku za furaha, nisidanganye. Niliumwa na nilifurahi.

Mizigo tulibeba mgongoni, kwa ukanda mpana wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Siku moja nilikuwa nimetoka kukata majani ya ng'ombe, mvua ya rasharasha imeyalowesha, yamekuwa mazito. Nilipofika uani nikapiga magoti, nikainua kidevu ili mzigo uende chini nyuma na ukanda uteleze kutoka kichwani, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu. Ukanda ukateleza upande. Ukanasa kwenye nati, na mzigo wote ukaenda na sikio. Sikuona maumivu kwanza. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anachana gome la mgomba. Naanyu alikuwa mlangoni akipembua ulezi. Aliweka ungo chini polepole sana, bila kumwaga hata punje, ndipo akaita watu.

Koko aliosha, akapaka majivu, akafunga. Ndewe ilikuwa imekatika pale chini, ncha mbili zinaning'inia kama mikia ya panya wawili. Jambo hili halikuwa geni. Koko alieleza, akimwambia yeyo juu ya kichwa changu kana kwamba sipo, kwamba zikipona atazikwangua zote mbili mpaka zitoe damu, azikutanishe, azibane kwa miiba na uzi wa mgomba, na zikishikana tundu linarudi. Amewahi kufanya hivyo kwa watu. Kuna masikio yaliyoshikana na kuna ambayo hayakushikana. Yeyo akauliza itachukua muda gani. Koko akasema si masika haya. Yeyo akatoka, nikamsikia nje anampiga teke ndama ambaye hakufanya kosa lolote.

Soko la Ngaramtoni ndilo lililomletea yeyo habari ya Mzungu wa kushona. Karibu na mto Themi palikuwa na kambi ya watengeneza barabara, na humo kulikuwa na Mzungu mwenye sanduku la dawa. Wanawake walisimulia kwamba alimshona mtu aliyetobolewa tumbo na nyati, na mtu huyo sasa analima. Yeyo akasema, kama ameshona tumbo, sikio ni nini. Koko hakutaka. Alisema hajawahi kuona Mzungu mwenye sikio. Wakabishana mpaka maziwa yakachemka yakamwagikia moto, na asubuhi tukaenda, mimi na yeyo, nimefunikwa ngozi kichwani ili watu wa njiani wasione.

Ile kambi ilinuka nyama ya kukaanga na dawa. Tuliketi nje ya hema pamoja na watu wenye vidonda vya miguu. Mzungu alikuwa mrefu, mwenye miwani, mikono yake safi kuliko kitu chochote nilichopata kukiona, na mpishi wake, mtu wa pwani anayejua Kimaa cha kuokoteza, ndiye aliyekuwa anatusemea. Yeyo akasema anataka aliunganishe. Mpishi akasema hivyohivyo, na Mzungu akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Aliniosha kwa maji yenye kuuma, akanipa kijiti niume, akafanya kazi kwa utaratibu, taratibu, akihema puani. Alikata hapa, akakata pale, akashona. Alipomaliza alifunga kitambaa cheupe kuzunguka kichwa changu chote, akaniwekea sukari kiganjani, ya kwanza kuionja maishani. Halafu akaligusa sikio langu la kushoto lenye kizibo, akasema neno. Mpishi akasema, "Anasema mkitaka, siku nyingine atalitengeneza na hili." Yeyo akajibu kwa heshima kwamba hili ni zima. Tukarudi. Njia nzima yeyo alikuwa anaimba kwa chini, na ni mtu ambaye hakuwa wa kuimba.

Tuliambiwa kitambaa kikae mpaka mwezi mpya uonekane. Kilikaa. Naanyu alinibadilishia upande wa kitanda bila kuombwa, akaangalia moto yeye. Yeyo alipeleka ujumbe kwa Nasinyari kwamba sikio limepata fundi. Mwezi ulipoonekana, kesho yake asubuhi koko alinikalisha mlangoni penye mwanga, akakata kitambaa kwa kisu cha kunyolea. Akakitoa. Akatazama. Alilaza kichwa chake akatazama kwa upande mwingine. Yeyo alikuwa nyuma yangu, akauliza, "Vipi?"

"Ni kazi nzuri," koko akasema. "Sijaona mshono kama huu. Amelifunga."

Yeyo akasogea, akatia kidole. Akatafuta tundu mbele, akatafuta nyuma, kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama. Hapakuwa na tundu. Zile ncha zilizoning'inia alikuwa amezikata akazitupa, na kilichobaki amekishona kikawa ndewe ndogo ya mviringo, imefumba, laini, ya mtoto mchanga. Ilikuwa nzuri kweli. Nililishika mwenyewe nikahisi nimeshika sikio la mtu mwingine. Koko alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nyama haikubaki ya kutosha, na palipo na kovu hapavutiki, ukipatoga panachanika. Hakumlaumu yeyo. Yeyo naye hakusema lolote juu ya nati. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia mwenziwe na kila mmoja aliliweka, na nyumba ile haikupata tena kuwa na kelele.

Nasinyari alikuja na wenzake wakiwa wamejipaka mafuta kwa furaha, maana walikuwa wameambiwa habari ya fundi. Alinigeuza huku, akanigeuza huku. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno tayari. Halafu akalipata. "Moja la kwetu, moja la Wazungu," akasema. "Sasa huyu tumsalimie kwa lugha gani?" Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe, na nadhani alijuta kidogo kwa sababu alinishika kidevu baada ya hapo. Wakubwa wakaingia kwa yeyo kuzungumza. Mimi nilikuwa kwenye zizi la ndama, fito moja tu kati yetu, nawapa majani. Walizungumza kwanza habari za mvua. Walizungumza habari ya vijana waliochukuliwa tena kubeba mizigo. Baba akasema ng'ombe waliokuja wanaweza kurudi, na Nasinyari akasema kurudisha ng'ombe ni kumwambia kaka yake afe sasa hivi. Ndama alikuwa ananilamba mkono. Ndipo Nasinyari akasema, "Kwani Naanyu ana nini?"

"Naanyu ni mdogo," yeyo akajibu.

"Masikio yake ni makubwa."

Hapo nikajua. Waliendelea kusema mengi, wakakunja, wakakunjua, lakini jambo lilikuwa limekwisha, na wala siwezi kuwalaumu, maana hata mimi ningekuwa shangazi ningesema hivyohivyo. Naanyu masikio yake yalikuwa sawa kwa sawa, marefu, yanang'aa mafuta, ukimtazama kwa mbele ni kama mizani. Mchana ule tulimenya ndizi pamoja nyuma ya nyumba, utomvu unatugandisha vidole. Alijua tayari, sijui nani alimwambia. Alimenya mpaka karibu na mwisho, halafu akasema bila kuniangalia, "Dada, ukisema nikatae, nakataa."

"Ukikataa watakwenda nyumba nyingine," nikamwambia.

Akalia yeye. Mimi niliendelea kumenya, kwa sababu mikono yenye utomvu huwezi kufutia macho.

Alitolewa kabla ya masika kama ilivyotakiwa. Mwenye kumpaka bibi arusi mafuta ya masikio ni dada yake mkubwa, kwa hiyo nilimpaka, na koko akavitoa vile vizibo, na surutia zikaingia, nzito, zimekaa sawa. Lomayani alikuja kumchukua pamoja na rafiki yake. Aliponipita alitazama chini, na nilimshukuru kwa hilo. Waliteremka kwenye njia ya migomba, na watu wakarudi kwenye pombe ya asali. Na nisisahau: yule mzee wa kukohoa hakufa. Mvua zilipokuja kifua kikafunguka, akanenepa, akaona wajukuu wengi, akatahirisha baadhi yao, na amekufa juzijuzi tu kwa uzee wake. Nilikutana naye mara nyingi sokoni akichagua mbuzi. Alikuwa mtu mwema. Alinisalimu vizuri daima.

Watu hudhani nilikwenda misheni kwa kuitwa na Mungu. Nilikwenda baadaye, miaka kadhaa, kwa sababu kule hakuna aliyetazama masikio, au niseme walitazama kwa namna nyingine. Mama mmoja wa Kizungu aliyetufundisha kushona alilipenda sana hili la kulia. Aliwaambia wenzangu kwamba upande mmoja nilikuwa nimekwisha kuokoka kabla sijafika. Nilipewa ubatizo, nilipewa kazi ya kufagia, sikupewa mume, na sikuomba. Nimelea watoto wa wengine, wa Naanyu zaidi. Wananipenda. Sina la kulalamikia hapo.

Lakini mwaka ule haujaisha, bado masika yake. Naanyu alikwenda, kitanda kikabaki na mimi, na asubuhi ya kwanza baada ya arusi koko aliniita mlangoni kama kawaida. Alikuwa na mafuta. Akalipaka la kushoto, akatoa kizibo, akachukua kingine ukutani kilichokizidi, akakitia. Kesho yake vivyo hivyo. Mvua zikaja, zikajaa mifereji, watu wakapanda maharage, na koko kila asubuhi analipanua sikio la kushoto, la kulia limefumba, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeuliza. Vizibo vya ukutani vikaisha. Akakata mzeituni mwingine, akakaa mlangoni akichonga kikubwa zaidi, macho yake yakiwa yameanza ukungu, anasugua kwa jiwe, anakipima mwangani, anasugua tena. Yeyo siku hiyo alikuwa akipita na kuni. Akasimama. Alisimama muda mrefu mvua ikimnyeshea, kuni mgongoni.

"Koko," akasema, "hilo sikio unamtengenezea nani?"

Koko hakuacha kusugua. "Najua," akasema. "Nikiacha, nitakaa hapa nafanya nini?"

Yeyo akaenda zake na kuni. Koko akapuliza vumbi la mti, akakipaka mafuta kile kizibo pande zote, akanyoosha mkono kunitafuta kwenye ule ukungu wake. Nilikuwa nimesimama karibu na mafiga, naona wazi kabisa kwamba hakuna pete wala mtu wala siku itakayokuja kwa ajili ya tundu lile. Nikaenda nikakaa mbele yake, nikamgeuzia sikio la kushoto.